Nundu ya Tartibu

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, maana mimi sikuwepo na aliyenisimulia alikuwa anatafuna, kulikuwa na mji unaoitwa Mtondooni. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa sababu hadithi hii ina hukumu mwishoni, na hukumu mtaitoa ninyi. Mimi kazi yangu ni kusimulia na kunywa kahawa.

Mji huo ulitawaliwa na malkia, Mwana Zena. Akili alizokuwa nazo hazikuwa za kuazima. Alijua kibaba cha mchele kina punje ngapi, kwa sababu alikaa akazihesabu. Alijua jogoo wake huwika mara ngapi kwa siku, na siku jogoo akipunguza, aliitwa akaulizwa. Mumewe alikuwa amekufa, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, msichana wa miaka sita, jina lake Riziki.

Sasa Mtondooni kulikuwa na desturi. Kila mwaka mpya ukikaribia, watu walimtoa fahali mmoja mnono, wakamzungusha mji mzima mara saba, ubani unafuka, watu wanamwomba Mungu aukinge mji na maradhi na balaa. Kisha fahali akachinjwa, na mji mzima ukala. Lakini nundu, ile nundu laini inayotetemeka kwenye sinia hata kama hakuna aliyeigusa, ilikuwa ya mtu mmoja tu: yule ambaye dua yake imeufaa mji kuliko dua za wengine. Aliyepewa nundu alikumbukwa kwa jina. Wengine walibaki wanamtazama akila.

Mwana Zena akaitazama desturi hiyo kwa zile akili zake. Akasema, "Nimemtazama ng'ombe akizunguka mji mara saba. Aliyefaidika sikumwona. Aliyechoka nimemwona, ni ng'ombe." Akaipiga marufuku. Juu ya marufuku akaweka sheria: "Mwerevu haombi dua. Anayehitaji dua asikae kwenye baraza langu."

Kwenye baraza lake walikaa watu watatu, wenye akili kupita wote mjini. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Khelefu, mpiga hesabu za nyota. Yeye akisema mwezi utaandama leo, mwezi unaandama. Wa pili alikuwa Bi Mize, tabibu, ambaye mfupa uliovunjika ukisikia sauti yake unaanza kujipanga. Wa tatu alikuwa Makame, wakili, ambaye hajawahi kushindwa shauri hata moja, pamoja na lile alilosimama pande zote mbili.

Malkia akawauliza mmoja mmoja.

"Mwalimu Khelefu, unaomba dua?"

"Mimi, Mwana? Mimi napiga hesabu."

"Bi Mize, unaomba dua?"

"Mimi, Mwana? Mimi natwanga dawa."

"Wakili Makame, unaomba dua?"

"Mimi, Mwana? Kwanza tufafanue, kuomba ni nini."

"Unaomba au huombi?"

"Siombi."

Basi wakabaki barazani, kila mtu kwenye mto wake. Fahali wa mwaka ule, aliyeitwa Tartibu, naye akabaki zizini. Miaka mitatu ikapita. Tartibu akanenepa mpaka akawa anapumzika baada ya kusimama, na nundu yake ikawa kubwa kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Halafu siku moja Riziki alikuwa anakula muhogo wa nazi. Akameza, akanyamaza, akasema, "Kwi."

Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili walitabasamu. Siku ya tatu walimletea maji. Kwikwi haikukoma. Mtoto akiamka, kwi. Akisema "shikamoo mama", inatoka "shika-kwi-moo". Akinywa uji, uji unarudi na kwikwi yake. Akilala, inamwamsha. Ilipofika siku ya nane, mashavu yalikuwa yameingia ndani, na vikuku vilikuwa vinamtoka mkononi vyenyewe. Hapo hakuna aliyecheka tena. Mwana Zena alikuwa anaogopa, na kila aliyemwona alijua kwamba anaogopa.

Walijaribu kila kitu. Wakambandika kipande cha uzi kwenye paji la uso, kama wanavyofanyiwa watoto wachanga. Kwi. Wakamnywesha maji ameinama. Kwi, na maji puani. Wakili Makame akajificha nyuma ya mlango ili amshtue, akaruka akapiga kelele. Mtoto akamtazama tu. Aliyeshtuka ni Mwana Zena, akamrushia kata ya maji.

Mwalimu Khelefu akakaa na kijiti na mchanga, akahesabu kwikwi mchana kutwa, akatangaza, "Kwa hesabu zangu, zitakoma Jumanne." Jumanne ikafika, ikapita. Mwalimu akasema hesabu ni sahihi, Jumanne ndiyo iliyowahi.

Bi Mize ndiye aliyejua. Akamwambia malkia, "Mwana, chini ya kifua kuna kiwambo, kama ngozi ya ngoma. Kiwambo hiki kimeshikwa na wasiwasi. Kikitikiswa kwa kicheko, kicheko cha kweli cha kutoka tumboni, kitatulia. Mtoto acheke tu."

"Basi mchekeshe."

Bi Mize, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akavaa sufuria kichwani akacheza ngoma mbele ya mtoto. Akacheza asubuhi, akacheza jioni. Riziki akamtazama kwa huruma, akasema, "Pole, Bi-kwi-Mize." Bi Mize akavua sufuria, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Sasa fungueni masikio, maana linakuja kosa ambalo hufanywa na wenye akili peke yao.

Mwalimu Khelefu alishawahi kueleza barazani kwamba amepima usingizi wa mji. Alisema, "Kuna kitambo kirefu mchana, baada ya wali na kabla ya kahawa, ambacho Mtondooni nzima hakuna jicho lililo wazi. Kitambo hicho huanza kivuli cha mnazi kinapogusa kisima." Wenzake walisikiliza wakaliweka akilini, kama werevu wanavyoweka kila kitu. Basi siku ya tisa, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja peke yake, alifikiri jambo lilelile: nikitaka kufanya kitu bila kuonekana, nitakifanya kivuli kinapogusa kisima. Hesabu ilikuwa moja, na wote watatu waliipata sawasawa.

Kivuli kikagusa kisima.

Kwenye zizi la Tartibu alikuwepo mchungaji wake, Pandu, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Akafumbua jicho moja. Akaona bibi kizee mrefu sana anakuja, amejitanda kaniki mpaka machoni, miguu mikubwa, na kijiti cha kuhesabia kimechomoza kwapani. Huyo alikuwa Mwalimu Khelefu.

"Baba," akasema yule bibi kwa sauti ya mbu, "nipe ng'ombe huyo nimnyooshe miguu kidogo."

Kabla Pandu hajajibu, akatokea mzee mfupi wa kanzu na kofia, ndevu nyeupe za sufi ya mto wa kulalia zimebandikwa kwa uji, chetezo cha ubani mkononi. Huyo alikuwa Bi Mize.

"Mwanangu," akasema yule mzee kwa sauti nene iliyomkwaruza koo, "nipe ng'ombe huyo nimnyooshe miguu kidogo."

Kabla Pandu hajajibu, ukatokea mkeka. Mkeka mzima, umejiviringisha, umesimama, unatembea kwa miguu miwili. Wakili Makame alikuwa ndani. Alishajiandaa kwa hoja: akikamatwa, atasema yeye ni mkeka, na mkeka hauitwi barazani.

"Nipe ng'ombe," ukasema mkeka.

Pandu aliwatambua wote watatu hata kabla hawajafika. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu. Akasema, "Shikamoo bibi. Shikamoo mzee." Kuhusu mkeka alisita kidogo, akaona naye ni mkubwa kwake, akasema, "Shikamoo mkeka." Kisha akawapa kamba, akarudi kulala.

Wenyewe hawakutambuana. Kila mmoja aliwatazama wenzake akasema moyoni, hawa ni watu wa kawaida tu, maskini, hawana elimu, wacha nizunguke nao. Mwalimu Khelefu akavuta kamba. Bi Mize akashika mkia kwa mkono mmoja na chetezo kwa mkono wa pili. Mkeka ukafuata nyuma, ukijigonga kwenye kuta.

Wakazunguka mara ya kwanza. Khelefu mdomo unamcheza, Bi Mize mdomo unamcheza, na kutoka ndani ya mkeka inasikika sauti ndogo inayoimba.

Wakazunguka mara ya pili. Yule bibi akamwambia yule mzee, "Baba, mkia unaukamata juu mno. Ukamate katikati, uzito ugawanyike."

"Wewe bibi, umesoma wapi uzito?"

"Sijasoma, baba. Nimesikia tu."

Wakazunguka mara ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita Tartibu alikaa chini katikati ya njia, kwa kuwa kwa miaka mitatu hajatembea zaidi ya hatua kumi. Wakamsukuma. Bibi akasukuma, mzee akasukuma, mkeka ukasukuma kwa kichwa. Tartibu akainuka, wakaanza mara ya saba.

Mara ya saba, walipopita nyuma ya nyumba ya malkia, upepo uligeuka. Uani kwa malkia kulikuwa na beseni la pumba za mpunga zilizolowekwa kwa ajili ya kuku. Tartibu akainua pua. Tartibu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuharakishwa na kitu, akatoka mbio. Mwalimu Khelefu hakuachia kamba, akaburutwa mpaka kaniki ikabaki kwenye mchongoma na yeye akapita kifua wazi. Bi Mize hakuachia mkia, akapaa. Mkeka ulijaribu kukimbia, ukaanguka, ukabingirika, ukavunja ua pamoja na ng'ombe.

Wakaingia uani kwa kishindo. Tartibu akafikia pumba, akazila zote, akageuka kutafuta nyingine, akasikia harufu ya uji kwenye kidevu cha Bi Mize. Akatoa ulimi, akamlamba ndevu zote kwa mara moja, akazitafuna. Kisha akakanyaga ncha ya mkeka, na Wakili Makame akafunguka kutoka ndani, mzunguko baada ya mzunguko, akasimama wima katikati ya kuku, amelowa jasho, bado anaimba.

Wakatazamana. "Mwalimu?" "Bi Mize?" "Wakili?"

Halafu wakamwona wa nne. Nyuma ya jiko, juu ya mswala uliotandikwa penye vumbi, alikuwa amepiga magoti Mwana Zena mwenyewe, malkia, mikono ameiinua, machozi yanamtoka. Alikuwa amewatazama muda wote bila kuweza kuishusha mikono.

Na kutoka dirisha la juu kukasikika kicheko. Riziki alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mkono mmoja, anacheka mpaka anapiga kichwa ukutani, anaonyesha kidole ndevu zinazotafunwa, anacheka tena. Akacheka mpaka akaketi chini wasimwone. Kisha akanyamaza.

Wakangoja. Mwalimu Khelefu, kwa mazoea, akaanza kuhesabu. Akafika hamsini. Akafika mia. Kwikwi haikuja.

Mwana Zena alipanda ngazi bila kuzihesabu. Alimkumbatia mtoto wake akalia kwa sauti, na wale watatu chini nao wakalia, na Makame akajipangusa kwa mkeka. Jioni ile Riziki alikunywa bakuli tatu za uji, akalala mpaka kesho yake adhuhuri.

Alasiri baraza likakaa. Malkia akasema, "Desturi inarudi. Tartibu atachinjwa leo, na nundu atapewa yule ambaye dua yake imeniponyea mtoto. Lakini kwanza sheria yangu. Nilisema mwerevu haombi dua, nanyi mliniambia hamwombi. Mmenidanganya."

Wakili Makame akasimama. "Mwana, sheria ilisema mwerevu haombi. Sisi tumeomba. Basi ama sisi si werevu, ama sheria si ya kweli. Kama sisi si werevu, aliyetuchagua ni nani? Tena nyuma ya jiko kulikuwa na mswala. Mimi sisemi wa nani."

Malkia akakohoa. "Sheria nimeifuta. Sasa nataka kujua. Mjinga akiomba, sishangai. Ninyi mna akili kuliko watu wote. Kwa nini mnaamini? Anayestahili nundu anieleze."

Mwalimu Khelefu akasema, "Mwana, nimehesabu nyota miaka thelathini. Hakuna hata usiku mmoja ambao mwezi umepotea njia. Mtu akiniambia mpango huu umejipanga wenyewe, akili yangu inakataa, kama ambavyo ingekataa kuambiwa kwamba wali umejipakua. Mimi naamini kwa sababu ya akili. Na jana ni mimi niliyevuta kamba, ni mimi niliyepima kivuli, ni mimi niliyehesabu mizunguko ikawa saba. Bila mimi hawa wangekuwa wanazunguka mpaka sasa. Nundu ni yangu."

"Hesabu zako zilisema Jumanne," akasema Makame.

"Jumanne iliwahi."

Bi Mize akasema, "Mimi sina maneno mengi. Kwikwi naijua inatoka wapi, na dawa yake naijua. Siku nzima nimecheza na sufuria kichwani, mtoto hakucheka. Kujua ninajua, na mkono haufiki. Nimekutana na hali hiyo mara nyingi, Mwana, kwenye vitanda vya watu, na kila mara nikifika mwisho wa ninachokijua sipendi kusimama pale peke yangu. Basi jana nimeshika mkia nikasema, Mungu wangu, mfanye mtoto huyu acheke. Hilo tu. Niliomba acheke, akacheka, na kilichomchekesha ni ndevu zangu. Nundu ni ya nani?"

"Kwa hiyo unaamini kwa sababu hujui," akasema Mwalimu Khelefu.

"Naamini kwa sababu najua ninapoishia. Wewe Mwalimu hujawahi kuishia?"

Mwalimu Khelefu akatazama kijiti chake.

Wakili Makame akasema, "Mimi nitasema kweli, mnivumilie, sijaizoea. Imani mimi sikuitafuta. Mama yangu alinilisha pamoja na uji, kabla sijaota meno. Baadaye ndipo nikawa hodari wa hoja. Mtu mwingine akiulizwa kwa nini unaamini, anajikuna kichwa. Mimi nikiulizwa ninatoa sababu arobaini, na nikipingwa ninaongeza. Watu wanadhani nimeamini kwa sababu nina akili. Sivyo. Imani ilitangulia, akili nimeiajiri baadaye kuwa wakili wake, na mnajua mimi sishindwi. Lakini jana ndani ya mkeka sikuwa na hoja hata moja. Nilikuwa na joto tu. Niliimba dua aliyokuwa akiimba mama yangu kila mtoto wa jirani akiugua, wakati watu wote wa mtaa wanatoka na kuzunguka pamoja. Hawa wenzangu kila mmoja aliomba na sababu yake mkononi. Mimi niliomba bila sababu. Dua isiyo na sababu ndiyo safi. Nundu ni yangu."

"Wakili," akasema Bi Mize, "hiyo nayo ni hoja."

"Ni ya arobaini na moja. Imenijia sasa hivi."

Watu wakacheka, malkia naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema polepole, "Na mimi je? Sikuona Mungu kwenye nyota. Sina dawa iliyonishinda, na mama yangu hakunifundisha kuomba, alinifundisha kuhesabu. Mpaka leo sijui kama naamini. Jana mtoto aliniuliza, 'Mama, nikilala kwikwi itaniua?' Nikatoka nje. Nikatandika mswala wa mjakazi nyuma ya jiko nikainua mikono, kwa kuwa sikujua niipeleke wapi. Ninyi mlikuwa mnarudi nyumbani tu. Mimi nimetoka mbali kuliko ninyi wote, na nimekwenda kwa miguu. Nundu ni yangu. Tena mimi ndiye malkia, ingawa hilo halihusiani."

Kutoka nyuma, karibu na mlango, mtu akapiga mwayo. Alikuwa Pandu, mchunga ng'ombe, ameleta fahali kwa kamba.

"Pandu," akasema malkia, "na wewe una la kusema?"

"Sina, Mwana. Ila mtoto nilimwombea."

"Lini?"

"Tangu kwikwi ya kwanza. Mimi huomba kila siku, asubuhi na jioni. Jana nilikuwa nimeshaomba ndiyo maana nililala."

"Na sheria yangu?"

"Sheria ilisema mwerevu haombi, Mwana. Mimi nikaona hainihusu."

Hapo kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Khelefu anasema kamba. Bi Mize anasema ndevu. Makame anasema hoja ya arobaini na mbili. Wengine mjini wakasema nundu ni ya Pandu, kwa kuwa aliomba siku tisa wakati hao wakubwa wanaona haya. Wengine wakasema Pandu hakutoa jasho. Mchinjaji akaja na kisu chake, akasema yeye hajali nundu ni ya nani, lakini desturi ni kwamba jina la mwenye nundu litajwe kwanza, ndipo kisu kipite. "Tajeni jina," akasema, "nina kazi nyingine."

Malkia akafungua mdomo atoe hukumu. Na mimi nawaambieni, jina alikuwa nalo ulimini.

Riziki akasema, "Mama, kisu ni cha nini?"

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye pua ya Tartibu. Tartibu anamlamba kiganja, kwa kuwa kilikuwa na uji.

"Cha kazi, mwanangu."

"Kazi ya nani?"

Riziki akamtazama mchinjaji, akamtazama Tartibu, akaanza kuelewa. Mdomo wa chini ukamtetemeka. Macho yakajaa. Kifua kikapanda, na katikati ya baraza lile lililojaa wenye akili wote wa Mtondooni, ikatoka moja, ndogo, ya wazi kabisa.

"Kwi."

Watu wakaganda. Mwana Zena akamgeukia Bi Mize, na Bi Mize akasema kwa sauti ya chini, "Mwana, akilia sana leo, mimi sina dhamana."

Malkia akafunga mdomo. Akalimeza lile jina. Akasema, "Shauri hili ni gumu. Sijaamua. Tutakaa tena mwakani."

Mchinjaji akarudisha kisu alani. Riziki akapangusa macho kwa sikio la Tartibu, na kwi ya pili haikuja.

Mwakani wakakaa tena. Tartibu akazungushwa mji mara saba, wenye akili wakiwa mbele, nyuso wazi, bila kaniki wala ndevu wala mkeka. Kisha wakadai tena nundu, kila mtu kwa dai lake, na malkia akasema, "Sijaamua." Watu wakala maharage ya nazi, wakarudi majumbani. Na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Hoja za Makame zimefika mia mbili na tatu. Khelefu amekuwa mzee, Bi Mize amekuwa mzee, Tartibu amekuwa mzee kuwashinda wote, nundu imelalia upande. Mwana Zena anaulizwa kila mwaka jina ni la nani, na kila mwaka, malkia huyu anayejua punje za kibaba, anasema hajui.

Sasa mimi kahawa yangu imekwisha, na ninyi mnajiona mna akili, nawaona nyusoni. Basi semeni. Yuko aliyeamini kwa kuwa alihesabu mpaka akamfikia mpangaji. Yuko aliyeamini kwa kuwa alijua mengi mpaka akafika mwisho wake. Yuko aliyeamini kwa kuwa mama yake aliamini, akaitumia akili yake yote kumtetea mama. Yuko aliyeomba bila kujua kama anaamini. Na yuko yule wa mlangoni, ambaye hakuulizwa na mtu.

Mchinjaji amesimama pale, anangoja jina. Riziki naye amekaa kizingitini, amemshika Tartibu shingo, anawatazama midomo.

Je, nani alistahili nundu? Na wewe uliyekwisha kumjua, utalitaja jina mbele yake?